Mkoa Uliozaliwa Kabla ya Chakula cha Mchana

Idara ya Mambo ya Mikoa,
Ghorofa ya Tatu,
4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na mkazamjomba mkiwa na afya njema. Nami ni mzima, na ninayo furaha kubwa kukuarifu kwamba tangu mwezi uliopita nimeajiriwa, kwa kipindi cha majaribio, katika Idara ile ile uliyoitumikia hadi ulipostaafu. Nimekabidhiwa jukumu ambalo, nisijisifu, lingestahili mtu mwenye mvi kuliko mimi: kuandika historia ya Idara, itakayozinduliwa katika maadhimisho ya kuanzishwa kwake. Mkurugenzi hakunificha. Historia ikipokewa vizuri na Baraza la Wakurugenzi, nitathibitishwa kazini. Isipopokewa, nitashukuriwa na kuoneshwa mlango.

Hadi sasa nimepekua majalada ya masijala na kupata mifupa ya habari: kwamba Idara ilianza kama meza moja katika Ofisi ya Ramani, kwamba meza ikawa kitengo, kitengo kikakimeza Kitengo cha Mipaka, na hatimaye kikapewa mlango wake, mhuri wake na gari lake. Kinachokosekana ni nyama. Majalada yanasema nini kiliamuliwa. Hayasemi walioamua walikuwa na nyuso gani. Wewe ulikuwa Katibu wa kwanza wa mkoa wenu, na ulikuwa ndani ya mkutano uliouanzisha. Je, ungekubali kunisimulia jinsi mkoa huo ulivyozaliwa?

Nitashukuru kwa lolote, hata liwe dogo.

Wako mtiifu,
Mpwa wako,
Ofisa Utafiti (Majaribio)


Nyumbani,
19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko huu mzuri, si wangu. Mkono wangu siku hizi umekuwa mzito, kwa hiyo mimi nasema na mkazamjomba wako anaandika, na kila baada ya mstari ananiambia nipunguze maneno. Nimemjibu, lakini jibu langu amekataa kuliandika.

Eti “wako mtiifu”. Wewe, ambaye nilikuwa nakufukuza kuzunguka nyumba nzima ili uoge. Na hilo “Majaribio” kwenye mabano limenichekesha sana. Sisi wote tuliishi kwa majaribio, Profesa. Ni vile tu hawakutuandikia.

Haya, sikiliza. Tulikuwa kwenye ukumbi wenye feni moja iliyokuwa inazungusha joto tu. Ramani iko ukutani, mipaka ya mikoa yote imeshachorwa, isipokuwa hili eneo letu limebaki jeupe katikati. Wa mashariki hawalitaki, wanasema barabara mbovu. Wa magharibi hawalitaki, wanasema mto. Wanasukumiana kama sahani chafu baada ya karamu. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Siku ya tatu chakula kikachelewa. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, hata harufu hakuna. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kwenda na saa katika mambo ya tumbo. Akagonga meza: “Kama hakuna anayelitaka, basi liwe mkoa lenyewe, tukale.” Watu wakacheka. Mwandishi wa kikao, maskini, akaandika. Alipouliza nani anaafiki, mikono yote juu, maana aliyetaka kupinga hakuwa na nguvu ya kusimama. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, sufuria zikaingia.

Tangu siku ile kimoyomoyo nauita Mkoa wa Chakula cha Mchana. Ndio huo nilioutumikia mpaka nikazeeka nao.

Cheka, halafu ukaandike vizuri.

Mjomba wako


Idara ya Mambo ya Mikoa,
12 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Pamoja na barua hii naambatanisha rasimu ya Sura ya Sita, inayohusu kuzaliwa kwa mkoa wenu. Niseme wazi kwamba simulizi lako ndilo lililoipa uhai, na nimelitumia karibu kama ulivyolileta, nikisafisha lugha tu pale palipohitaji suti na tai.

Utaratibu wa Idara unaujua kuliko mimi: msomaji hutia herufi za jina lake kwenye kona ya chini ya kila ukurasa, na ukurasa wenye herufi hizo huhesabiwa umesomwa na haukupingwa, wala hauguswi tena ila kwa kauli ya aliyezitia. Wazee wa masijala bado wanakuita Bwana Kona. Wanasimulia jinsi ulivyomshusha karani mmoja, ukamrudisha kwenye chumba cha simu, kwa sababu alitia herufi kwenye ukurasa ambao hakuusoma. Nilipowaambia kwamba wewe ni mjomba wangu, waliniangalia upya.

Nakuomba usome kwa jicho kali. Pale nilipopotosha, kata bila huruma. Ningependa sura hii ifike Barazani ikiwa na herufi zako kwenye kila kona.

Mpwa wako mtiifu,
Ofisa Utafiti


Nyumbani,
3 Mei

Profesa,

Kurasa zako hizi hapa, kila kona imepata haki yake. Herufi zimepinda kidogo. Ni huu mkono. Waambie wa masijala kwamba Bwana Kona hajafa, amehamia mjini kwake tu.

Sina la kukata. Umeandika kama mtu aliyesoma, na kusoma ulisoma, ada tulizilipa sisi. Mkazamjomba wako anasema upunguze chumvi kwenye chakula cha hotelini, sijui amejuaje unakula hotelini.

Nimefurahi sana, mwanangu. Sikutegemea kuona jina langu kwenye kitabu.

Mjomba wako


Idara ya Mambo ya Mikoa,
20 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado na furaha ya jana. Baraza la Wakurugenzi limeijadili historia, na Sura ya Sita ndiyo iliyowaamsha. Mkurugenzi mwenyewe aliisoma kwa sauti sentensi yangu, “Mkoa huu haukuzaliwa na hoja, ulizaliwa na njaa,” na ukumbi mzima ukacheka. Akasema sentensi kama hiyo haiandikwi na mtu wa majaribio. Kuthibitishwa kwangu sasa ni suala la karatasi.

Jambo jingine, la heshima kwetu sote: huenda umesikia kwamba Serikali imeunda Tume ya Kupunguza Mikoa, kwa lengo la kubana matumizi. Tume imeomba nakala za historia yetu kama rejea rasmi. Si kila kijana wa umri wangu hupata wasomaji wa namna hiyo.

Mpwa wako mtiifu,
Ofisa Utafiti


Dukani kwangu,
9 Septemba

Mwanangu,

Hii nakuandikia mimi mwenyewe, mke wa mjomba wako, nikiwa hapa kwenye cherehani, na mjomba wako hana habari. Ukijibu, andika jina la duka, barua isije nyumbani.

Jana asubuhi msemaji wa Tume alikuwa redioni. Akataja mikoa ambayo Tume inaona haina sababu ya kuwepo, na wetu umo. Akasema, si sisi tunaosema, ni historia rasmi ya Idara yenyewe, halafu akaisoma ile sentensi ya hoja na njaa. Mjomba wako alikuwa ananyoa ndevu. Akasimamisha wembe. Akauliza, “Hayo ni maneno ya nani?” Nikamwambia ya mtoto. Akamaliza kunyoa upande wa pili, ndipo akasema, “Mimi nilimpa nusu. Ameandika nusu.”

Sasa nikwambie. Mjomba wako haoni. Si mkono, ni macho, na ni muda mrefu sasa. Nyumba ameikariri, watu anawajua kwa sauti, na barabarani tunashikana mikono kama wachumba ili wasijue. Kurasa zako zilipokuja nilikuwa na sare za shule za kushona, nikamwambia hizi ni nyingi, nitakusomea Jumapili. Akasema, “Acha, huyo ni mtoto wetu, nitampinga nini? Nishike mkono unioneshe kona.” Nikamshika. Bwana Kona wa watu, mwanangu, nikampeleka ukurasa baada ya ukurasa kama mtoto anayefundishwa kuandika.

Na hiyo nusu nyingine ni hii. Kabla ya ule mkutano hapakuwa na hospitali upande wetu. Mama akishikwa na uchungu anavushwa mto kwenda magharibi. Dada mkubwa wa mjomba wako, ambaye wewe hukumjua, alifia kwenye kivuko, yeye na mtoto. Mjomba wako akauzunguka upande huu wote kwa baiskeli, akiandika walivyokufa wengine. Siku mbili za kwanza za mkutano alisimama akaeleza, akaambiwa mambo ya vifo yapelekwe Wizara ya Afya. Siku ya tatu akaenda jikoni, akamwomba mpishi asitoe sufuria mpaka yeye mwenyewe aje kufungua mlango. Aliyefungua mlango ni yeye. Hajawahi kumsimulia mtu, anasema ni kujisifu. Anasimulia kichekesho tu.

Usimwambie kwamba nimekwambia habari ya macho. Watu wote wajue, lakini si wewe. Hivyo ndivyo alivyosema.

Mke wa mjomba wako


Idara ya Mambo ya Mikoa,
28 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimehamishiwa chumba chenye dirisha na kiti kinachozunguka, na mezani kwangu sasa kuna simu, ingawa bado hakuna anayenipigia. Kutoka hapa naona ua wa nyuma, ambako madereva wanaosha magari na kubishana habari za mpira. Kitabu kimepelekwa kwa mpiga chapa, na nimeambiwa jalada lake litakuwa la kijani.

Lipo pia jambo ambalo ningependa kuliweka mbele yako kwa heshima zote. Nimesikitishwa na jinsi Tume ilivyoitumia Sura ya Sita. Nilimwendea Mkurugenzi nikamwomba iondolewe kabla Tume haijafunga kazi. Alinijibu kwamba kurasa zina herufi zako, na kwamba njia ni moja tu: aliyetia herufi aandike kwa mkono au kwa kauli yake kwamba alizitia bila kusoma. Hapo sura itaondolewa, na Tume italazimika kuanza upya kusikiliza hoja za mkoa. Najua hilo ni zito kwa mtu wa sifa zako, na sitaki kudhania lolote. Iwapo kwa sababu yoyote hukupata wasaa wa kuzisoma, neno lako moja litatosha. Iwapo ungependa jambo hili lisitajwe tena, nitaelewa kabisa, na ukimya wako utakuwa jibu tosha.

Msalimie mkazamjomba.

Mpwa wako,
Ofisa Utafiti


Nyumbani,
15 Oktoba

Profesa,

Barua yako imefika na tumeifurahia. Kiti kinachozunguka, angalia sana. Namjua mkuu wa kitengo mmoja aliyezunguka hadi akasahau mlango uko wapi. Na simu isipolia, shukuru. Ikianza kulia utatamani chumba kisicho na dirisha.

Huku mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale. Jirani amemwoza binti yake. Habari za Tume tunazisikia redioni. Waache wafanye kazi yao, hoja za mkoa huu ziko kwenye majalada, wakiyafungua watazikuta. Wewe kaza na kazi yako.

Mjomba wako


Idara ya Mambo ya Mikoa,
30 Oktoba

Kwa mkazamjomba, dukani,

Shikamoo. Nilimwandikia mjomba nikimweleza njia pekee ya kuiondoa sura ile. Amejibu habari za kiti na paa. Nimeelewa kwamba amekataa, na sithubutu kumshurutisha, kwani nikisisitiza nitalazimika kuonesha kwamba najua habari ya macho, jambo ulilonikataza. Pengine anayo haki: jina ni mali ya mwenyewe.

Nilithibitishwa kazini juzi. Nilidhani ningefurahi zaidi.

Mpwa wenu


Dukani kwangu,
2 Desemba

Mwanangu,

Umeshasikia tangazo la kuufuta mkoa wetu. Leo wameanza. Mahakama inahamia mashariki, masijala nusu huku nusu kule, na hospitali imeshushwa kuwa kituo cha afya. Daktari wa upasuaji amepangiwa kule magharibi. Nimemwona akipakia vitanda vyake vya chuma kwenye lori, mbele ya dirisha langu.

Barua yako ya mwezi wa kumi niliificha ndani ya kitambaa, nikashindwa kuijibu. Hakukataa. Sikumsomea.

Ile ya mwezi wa tisa, nilisoma habari za dirisha, nikasoma habari za magari, nilipofika kwenye “kwa heshima zote” macho yangu yalitangulia mdomo. Nikaona ni kwamba aandike mbele ya watu aliowafundisha kazi kwamba alitia herufi bila kusoma. Mtu aliyemwadhibu mwenzake kwa kosa hilo hilo. Nikaona wakimcheka kwenye korido zile. Nikaruka mpaka “Msalimie mkazamjomba.” Akasema, “Mbona barua fupi?” Nikamwambia mtoto ana kazi nyingi.

Nilidhani namfunika. Sijui nitamwambiaje. Tangu tuoane hajawahi kunishuku kwa neno nililomsomea.

Mke wa mjomba wako


Nyumbani,
20 Desemba

Mpwa wangu,

Barua hii imeandikwa na aliyekuwa dereva wangu. Msamehe mwandiko, ameshika kalamu kama usukani. Nimemwita kwa sababu nataka kusema jambo ambalo sikutaka mkazamjomba wako ajisumbue nalo.

Kwanza: sioni. Usitafute maneno ya pole, nimeshayazoea mambo haya. Nilikuficha wewe kuliko wote kwa sababu nilitaka pawe na mtu mmoja ambaye kwake bado mimi ni Bwana Kona. Ni ujinga wa kizee.

Juzi walikuja wa masijala kufunga ofisi ya mkoa. Mmoja wao, yule niliyempeleka chumba cha simu, alinipitia nyumbani kuniaga. Ni mtu mzima sasa. Akasema, “Mzee, sisi kule tulikuwa tunasubiri neno lako. Ungesema hukusoma, zile kurasa zingetoka, Tume ingeanza upya.” Nikamwambia sijui habari hiyo. Akaniona namdanganya.

Ningesema. Siku hiyo hiyo ningesema, kwa redio kama wangetaka: mimi ni kipofu, mke wangu alinishika mkono, kosa ni langu. Wangecheka wiki moja. Kule kivukoni watu hawafi kwa kuchekwa.

Nimemuuliza mkazamjomba wako kama kuna sehemu ya barua zako nimeisahau. Akasema hapana, akainuka akaenda jikoni, na hakuna alichokuwa anapika. Tangu hapo tunaongea habari za mvua. Mimi sina macho, mwanangu. Nilichobaki nacho ni sauti yake. Nikianza kuipima hiyo nayo, sijui nitaishije humu ndani.

Kwa hiyo nijibu kitu kimoja. Jambo lile uliniandikia, au hukuniandikia? Jibu atalisoma dereva, mimi na mkazamjomba wako tukisikiliza.

Mjomba wako


Idara ya Mambo ya Mikoa,
5 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo mkazamjomba. Salamu kwa dereva, ambaye namwomba asome taratibu.

Nimeirudia barua yako mara nyingi, na nimeanza jibu hili kwa njia kadhaa, zote zikiwa na sentensi nzuri. Nimezitupa. Wewe umeuliza swali fupi.

Mkurugenzi aliniambia kuhusu neno lako mwezi wa tisa. Wakati huo karatasi za kuthibitishwa kwangu zilikuwa mezani kwake, na kama sura ile ingeondolewa, zingeondoka nayo. Nilijiambia kwamba ninailinda heshima yako. Nilijiambia hivyo kwa ufasaha mkubwa, kama nilivyofundishwa, na niliutaka ukimya wako kuliko nilivyolitaka jibu lako. Ukimya ulibaki, nami sikuuliza. Nilikaa kwenye kiti changu.

Historia imeshachapwa. Hospitali haitarudi kwa sababu nimejuta. Nimeomba uhamisho kwenda ofisi ya magharibi, ile inayopokea sasa watu wa upande wenu, na nimekubaliwa kwa cheo cha chini ya hiki. Huko nitakusanya habari za waliofia kivukoni, za wa zamani na, Mungu apishe mbali, za wapya, na safari hii nitakuja kukusomea mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujatia kitu kwenye kona yoyote.

Swali lako nalijibu hivi. Sikukuandikia. Barua yangu ya mwezi wa tisa ilikuwa fupi kama ulivyoisikia: dirisha, kiti, madereva uani, na salamu. Kama kuna jambo hukusomewa, Mjomba, ni kwa sababu sikuliandika.

Mpwa wako